Nilivyoziba Njia ya Kiboko

Watu wakisikia kwamba naishi peke yangu pale mto unapoingia Ziwa Naivasha, swali lao la kwanza ni kama siogopi viboko. Siwaogopi. Nawachukia, na hayo ni mambo mawili. Kiboko ndiye aliyeniulia mume. Ilikuwa ile miezi ambayo ziwa hufungwa, hakuna ruhusa ya kuvua ili samaki wazaane, na mume wangu aliniambia asubuhi hiyo kwamba anaenda tu kutoa maji ya mvua kwenye mashua. Nikamjazia chupa ya chai. Jua lilipopanda kidogo nikaitwa ufuoni, nikamkuta amelazwa kwenye nyasi, amefunikwa turubai. Wenzake waliniambia mashua ilisukumwa na upepo hadi kwenye mafunjo, kiboko akatoka akaipindua. Mimi nikauliza swali la kijinga, kama alikuwa amekunywa chai. Chupa ililetwa jioni, imefungwa vile vile nilivyoifunga.

Mimi kwanza si mtu wa maji. Nilizaliwa Dundori, kwa watu wa viazi na ng'ombe wa maziwa, ambako samaki tulimwona kwenye kitabu cha shule. Tulilima mpaka ukingoni kabisa mwa kijito, hatukuacha hata hatua moja ya nyasi, na mvua ikinyesha maji yakageuka rangi tulicheka tukasema mto leo umekunywa chai ya maziwa. Hakuna aliyeuliza ule udongo unaenda wapi. Nimekuja kujua nikiwa mtu mzima. Si udongo wa Dundori hasa, ule una ziwa lake la kuharibu, lakini ni udongo wa watu kama sisi, unateremshwa na mto mpaka mlangoni pangu. Huku nililetwa na kazi ya maua, kukata waridi na kuyapanga kwa urefu, na mume nilimpata nje ya geti akiuza samaki. Aliniona nimeshika tilapia kwa mkia kama mtu aliyeshika panya, akacheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia akimaliza kucheka anifundishe kumpika.

Kwenye ufuo wetu kuna desturi ya samaki wa sufuria. Mashua ikirudi, kabla mnunuzi hajasogea, kila mvuvi hutoa samaki mmoja wa nyumbani kwake. Huyo hauzwi, hata aje nani. Mke hupewa mkononi, pale pale ufuoni, mbele ya watu, na wapo wambea wanaokadiria mapenzi ya nyumba kwa ukubwa wa huyo samaki. Mimi nilipewa wa kujivunia. Nikishampika, sehemu ya katikati ilikuwa yangu na ya binti yetu, na kichwa kilikuwa cha baba. Alikimaliza polepole, macho, mashavu, kila kitu, akitoa mifupa mdomoni mmoja mmoja kama mtu anayechambua mchele. Katika ndoa yangu yote sikuwahi kuonja kichwa cha samaki. Wala sikukitaka.

Baada ya mazishi, mwenzake wa mashua aliendelea kuniletea samaki wa sufuria. Ni mtu aliyetoka upande wa lile ziwa kubwa la magharibi, walivua pamoja tangu binti yangu akiwa mgongoni, mimi namwita shemeji na yeye ananiita shem. Alikuwa anakuja mpaka mlangoni, ananyoosha mkono, anauliza kama nimeamka salama, anaondoka. Siku zikaenda, samaki wakaanza kuwa wadogo. Wakawa wa kiganja, wakawa wa nusu kiganja. Ikafika asubuhi moja akaniletea watatu kwenye karatasi, kila mmoja kama kidole changu cha gumba.

"Hii ni nini, shemeji?"

"Ndio hiyo ziwa imebakisha, shem."

"Hawa ni watoto! Umeenda kumnyang'anya mtu watoto wake uniletee nikaange?"

Nikamrushia. Mmoja alimgonga kifuani akaanguka kwenye kiatu. Nina hasira za karibu, nakiri, hata marehemu alikuwa akisema nikiamka vibaya maji ya kuoga hayahitaji kuni. Shemeji aliinama akawaokota wote watatu, akawafunga tena kwenye karatasi, akaenda zake. Nilipofunga mlango ndipo nikakumbuka kwamba wiki nzima hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameubisha. Nililia kwa ajili ya mlango, sio kwa ajili ya samaki.

Kwa hiyo wakati afisa wa samaki, msichana mmoja mwembamba wa buti za mpira, alipoitisha mkutano ufuoni, nilienda. Nilienda kwa sababu ya wale vidole gumba watatu. Alituambia jambo ambalo wavuvi walilijua na hawakupenda kulisikia: kwamba pale mdomoni mwa mto ndiyo wodi ya kina mama ya ziwa zima. Mafunjo yakiwa mazito huchuja matope ya mto, na ndani yake kuna vidimbwi vitulivu ambamo vifaranga vya samaki hujificha mpaka wapate nguvu za kwenda ziwani. Tilapia mama, alisema, akiona hatari huwafungulia watoto wake mdomo wakaingia wote. Hilo lilinikaa. Mafunjo yetu sasa yalikuwa yameisha. Mengine yalikatwa, mengine yakachomwa ili watu wapate bustani za sukuma na malisho, na yaliyosalia yakazama ziwa lilipopanda likameza mashamba na vyoo vya watu. Ukisimama ufuoni mpaka leo utaona nguzo za ua zimetoka majini, ua unaozunguka maji matupu.

Kamati ya ufuo ikakubali kutenga kipande kimoja, hakuna wavu kuingia humo, watu wapande mafunjo upya. Lakini walitoa sharti. Wangeangalia msimu mmoja tu wa kufungwa ziwa. Mwisho wa msimu wasipoona vifaranga humo, kipande kinarudi kwa nyavu, na hakuna kuombana tena. Halafu wakauliza ni nani atakisimamia. Watu wakatazama viatu vyao, kwa sababu kipande chenyewe kilikuwa pale pale kiboko alipompindulia mume wangu mashua. Nikainua mkono. Nilisikia mama mmoja nyuma yangu akisema maskini, na nikageuka nikamwambia maskini ni yeye.

Ukweli ni kwamba sikuwa na kitu kingine. Binti yetu ameolewa Nakuru mjini, ana watoto na kazi, na kila Jumapili baada ya kanisa hunipigia simu. "Mum, kuja ukae na sisi. Unangoja nini huko?" Mimi humwambia kuku watabaki na nani. Kuku wenyewe walikuwa wawili. Nilikuwa na uhakika kwamba nikiondoka pale, mahali alipokufa baba yake patakuwa pa watu wengine, watavua, watafua nguo, watacheka. Kama kile kipande kingepona, basi kifo chake kingekuwa kimezaa kitu. Sikumwambia mtu hivyo. Ningemwambia nani?

Tulikuwa kikundi cha wanawake saba, mara watano, mara wawili, mara mimi. Tulikata vipande vya mizizi ya mafunjo kule yalikobaki, tukavizika kwenye magunia yenye udongo, tukayasukuma majini hadi kiunoni na kuyafunga kwa vigingi. Afisa alinifundisha kupima maji kwa sahani nyeupe. Unaifunga kamba yenye mafundo, unaizamisha, unahesabu mafundo mpaka isionekane tena. Yake ilikuwa ya kiofisi, akaondoka nayo. Mimi nilichukua sahani ya bati ya marehemu, nyeupe, yenye ukingo wa buluu, nikaitoboa kwa msumari na jiwe ili nipitishe kamba. Mwanzoni sahani ilipotea kwenye fundo la kwanza, chai ya maziwa ile ile ya Dundori.

Miche ilikuwa imeanza kutoa vichwa vya kijani nilipoamka siku moja nikakuta safu nzima imelazwa chini kwenye tope. Kiboko alikuwa amepita. Kulikuwa na njia yake ya zamani pale, mfereji mpana kama mlango wa ghala, uliokata mafunjo kutoka ziwani hadi kwenye kidimbwi cha ndani na kutokea malishoni. Nyayo zilikuwa bado zinajaa maji. Nilizitazama nikahisi kichwa kinapata moto. Ala! Umemchukua mume, sasa na miche?

Nikaiziba. Nilisema ni kwa ajili ya miche, na kikundi kikanisaidia bila kuuliza. Tuling'oa nguzo za zile nyua zilizozama, tukazikita mdomoni mwa mfereji safu mbili, tukazungusha seng'enge, tukashindilia matawi ya mgunga yenye miiba na magunia ya udongo chini. Shemeji alipita na mashua yake siku hiyo. Tangu nimrushie samaki tulikuwa tunasalimiana kwa mbali tu. Alisimamisha mashua, akatazama ukuta ule kwa muda, akafungua mdomo, akaufunga, akaenda. Hata afisa alipokuja aliutazama akaniuliza kama ni wa muda. Nikamjibu ni wa mpaka nife. Alikuwa ameshaambiwa mimi ni nani na mume wangu alikufaje, kwa hiyo aliandika tu kitu kwenye daftari lake.

Mambo yakawa mazuri, au mimi niliyaona mazuri. Miche ilishika, ikanenepa, ikanipita urefu. Kiboko alienda kutafuta njia nyingine huko mbali. Na sahani! Kwenye kidimbwi cha ndani ilishuka fundo la pili, la tatu, la nne, bado nauona ukingo wake wa buluu. Maji yalikuwa yametulia na kusafika. Nilikuwa naketi kwenye gogo asubuhi naipandisha na kuishusha kama mtoto, na kuna siku nilimwambia marehemu kwa sauti, "Umeona?" Ndege wakaruka. Nikacheka peke yangu, halafu nikanyamaza, kwa sababu kicheko cha mtu mmoja mahali pakubwa kinasikika vibaya.

Harufu niliisikia. Siwezi kusema sikuisikia. Maji yalikuwa safi lakini yalinuka kama mayai, na kwenye kona magugumaji yalikuwa yameanza kujikusanya kwa sababu hayakuwa na pa kutokea. Nilijiambia ni mafunjo yanaoza, ni kawaida.

Ziwa likafungwa. Ule ndio ulikuwa msimu wetu wa kuangaliwa. Wiki chache ndani yake nilienda kidimbwini asubuhi na mapema nikadhani mtu amemwaga pumba za mahindi juu ya maji. Nikasogea. Walikuwa vifaranga, matumbo juu, wengine bado wanahema na midomo yao imetokeza nje wakitafuta hewa. Nilikimbia nyumbani nikaleta beseni na chujio la chai. Chujio la chai, fikiria! Nikawa nawachota na kuwabeba mpaka upande wa mto na kuwamwaga, ninarudi, ninachota, na wengi nilikuwa ninawabeba wameshakufa. Nilifanya hivyo mpaka mgongo ukakataa kunyooka.

Nikampigia afisa simu. Akaniuliza rangi ya maji, harufu, halafu akauliza, "Mama, kuna mahali maji yameziba hapo?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Kwani naongea Kichina?"

Nilikata simu nikakaa na aibu yangu. Ukuta ulikuwa mbele ya macho yangu nilipokuwa nikidanganya, na yeye mwenyewe alishauona. Nikaanza kuwalaani wakulima wa juu na mbolea zao, mashamba ya maua na dawa zao, mji na vyoo vyake, na kila mmoja wao ana makosa yake, sikuwasingizia. Lakini siku ile nilikuwa nawatafutia kosa ambalo halikuwa lao.

Shemeji alinikuta hivyo, nimeketi karibu na beseni. Alikuwa amesikia, ufuoni hakuna siri. Hakukaa kwenye gogo, alichuchumaa mbele yangu.

"Shem, hiyo ukuta yako ndio inaua."

"Ukuta wangu unalinda miche."

"Miche imekuwa kubwa kukushinda. Sasa unalinda nini?"

Akaniambia taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Kiboko akipita kila siku, kwenda na kurudi, anachimba mfereji, anasukuma maji, maji ya mto yanaingia na mabovu yanatoka, na vifaranga wanapita humo humo kwenda ziwani. Ile njia ndiyo mlango. Mimi nilikuwa nimefunga mlango watoto wakiwa ndani.

"Na wewe ulijua? Siku ile ulisimamisha mashua ukijua?"

"Wote tulijua."

"Wote! Na mkanyamaza!"

"Nani angekuambia? Mtu aende kwa mjane amwambie, mfungulie kiboko njia? Ungenirushia nini, jiwe?"

Hapo ningeweza kucheka, siku nyingine. Aliokota kifaranga kimoja kwenye beseni, akakigeuza kiganjani.

"Kuna ingine," akasema. "Ile siku hatukuwa tunatoa maji kwa mashua. Tulikuwa tumetega hapo. Wavu wa matundu madogo kabisa, kutoka upande huu mpaka ule. Vifaranga wakitoka kwa mlango, wanaingia kwa wavu. Yule kiboko alikuwa jike, ako na mtoto. Alikuwa anarudi kwa maji akakuta njia imefungwa. Mimi nilikuwa nyuma kwa mashua. Bwana yako ndiye alikuwa ameshika kamba."

Nikamwambia aondoke. Sikupiga kelele, na nadhani hiyo ndiyo iliyomtisha. Alisema, "Pole, shem," akaenda, na mimi sikumwita.

Siku zilizofuata sikuongea na mtu yeyote. Simu ya Jumapili niliiacha ikalia. Nilikuwa na hasira na shemeji kwa kuniambia, na wenzake kwa kutoniambia, halafu hasira ikazunguka nyumba yote ikarudi ikakaa na mimi mezani. Maana nilianza kukumbuka. Chupa nzima ya chai, ya kwenda kutoa maji kwenye mashua? Mtu wa kazi ya nusu saa habebi chai ya nusu siku. Na ile miezi ya kufungwa, mwaka baada ya mwaka, mbona kwetu sufuria haikukosa samaki? Wadogo wadogo, nawakaanga wakauke, tunakula na ugali. Nilikuwa nafunga dirisha ili harufu isitoke nje. Mtu anayefunga dirisha hawezi kusema hakujua. Na mimi ndiye niliyemrushia shemeji watoto wa samaki kifuani, nikijifanya mtakatifu!

Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa na wa kumgombeza. Angekuwa hai ningemwambia maneno ambayo angeyasikia mpaka Gilgil. Tungenuniana siku tatu, ya nne angeleta samaki mkubwa, nami ningejifanya simwoni. Ugomvi unahitaji watu wawili, na mimi nilikuwa nimebaki na upande wangu tu. Yeye alikuwa ameifunga ile njia kwa wavu. Mimi nikaja nikaifunga kwa nguzo, pale pale, kwa ajili yake, na wote wawili tulikuwa tunawaua wale wale. Tofauti yetu ni kwamba yeye alilipa siku hiyo hiyo.

Msimu ulikuwa umebakiza wiki kadhaa. Nikavaa suruali yake ya mvua, nikachukua panga, nikaingia majini.

Kufungua kulinishinda kuliko kufunga, kwa sababu kufunga tulikuwa wengi. Miiba ilikuwa imezama na huioni mpaka ikuchome. Nilikata matawi, nikayavuta nje, nikatoboa magunia ya udongo yakajimwaga. Nguzo zilikuwa zimeng'ang'ania tope. Nilikumbatia ya kwanza, nikaitikisa nikiitukana, haikusogea, nikaanza kulia kwa sauti nimekumbatia nguzo katikati ya maji, mama mzima. Ndipo nikasikia kasia. Shemeji alikuwa amefika na mashua, ana koleo mkononi na kamba begani. Sikumsalimia, naye hakunisalimia. Alikata seng'enge kipande kwa kipande, akafunga kamba kwenye nguzo, akaivuta kwa mashua. Ya kwanza ilipotoka, maji meusi yalinipita miguuni kutoka ndani, yananuka, yanavuta magugumaji nyuma yake. Tuliendelea mpaka mchana. Nguzo ya mwisho ilipolala, maji ya mto yalianza kuingia, ya kahawia, baridi, yakinisukuma magoti.

"Atarudi," shemeji akasema.

"Si ndiyo nimemfungulia?"

Alirudi. Haikuwa siku hiyo wala ya pili. Ilikuwa asubuhi kumeshakucha, niko kwenye gogo langu mbali kidogo juu, nikaona mafunjo yanatikisika kwa mstari. Akatokea, mgongo unang'aa, na nyuma yake mwingine mdogo kidogo. Sijui kama ndiye. Kiboko ni kiboko, hakuandikwa jina. Nilitaka kuokota jiwe na nilijua halifiki. Nikasema tu, "Pita basi, mshenzi wewe. Pita." Wakapita, wakachafua maji yote niliyokuwa nimeyahesabu mafundo, wakaingia ziwani wakazama. Nilibaki nimeketi pale hadi miguu ikafa ganzi.

Nilimpigia afisa nikamwambia nilidanganya. Akasema, "Asante mama." Hakuniongezea neno, na nikampenda kwa hilo.

Siku kamati ilipokuja sikuwa nimelala vizuri. Walikuja wanaume wanne na afisa, wakasimama ukingoni mwa kidimbwi na mikono nyuma, kama watu waliokuja kukagua ng'ombe wa mahari. Shemeji alikuwa mmojawapo, akitazama upande mwingine. Maji hayakuwa safi kama zamani. Mwenyekiti akasema yeye haoni kitu. Nikashusha sahani ya marehemu fundo moja tu, nikaishikilia hapo, nikawaambia wanyamaze wasitingishe maji. Tukangoja. Mimi nilikuwa nasali, na si mtu wa kusali sana. Kisha kitu kama kijiti kikapita juu ya weupe wa sahani, kikarudi. Kingine. Halafu wakaja kwa kundi, wengi, wakaijaza sahani yote mpaka ukingo wa buluu, wanageuka pamoja, wanarudi pamoja. Mwenyekiti alichuchumaa akavaa miwani. Mwisho akanyanyuka, akajipangusa magoti, akasema kipande kifungwe, wavu usiingie.

Wanawake walipiga vigelegele, mimi nikakunja kamba yangu nikaenda nyumbani. Nilitaka kumwambia mtu. Nilifika nikawaambia kuku.

Ziwa lilipofunguliwa nilienda ufuoni saa za mashua kurudi, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kusalimia watu tu. Mashua zikarudi. Shemeji alishuka na tilapia mmoja mkubwa, wa kutoka kiwiko mpaka vidoleni, akaja moja kwa moja mbele ya wanunuzi na wale wambea wote, akaninyooshea. Nikampokea kwa mikono miwili. Nilitaka kumwomba msamaha wa siku ile ya vidole gumba, nikasema, "Huyu sasa ndiye samaki, shemeji." Yeye akasema, "Eeh, shem. Huyu amekua."

Nilimpika na dirisha likiwa wazi kabisa. Binti yangu alipiga simu nikiwa napakua, nikamwambia nakula samaki, akauliza niko na nani, nikamwambia sufuria inaungua nitampigia. Haikuwa inaungua. Nilikula sehemu ya katikati, yangu, kisha nikala ile iliyokuwa ya binti. Kichwa kikabaki kwenye mchuzi, peke yake. Nikanawa mkono mmoja, nikakaa, nikangoja, na sijui nilikuwa nangoja nani. Chakula kikaanza kupoa. Basi nikakichukua, nikakivunja kama nilivyokuwa namwona akikivunja, nikaanza na shavu. Kumbe ni tamu hivyo. Miaka yote ile, na hilo pia hakuniambia.